Safari ya Battlestar Galactica imetoka wapi
Battlestar Galactica ni tamthilia ya televisheni ya wanadamu wanaosafiri angani wakiitafuta Dunia. Wapo wanaosema safari hiyo imetoka katika kitabu cha Kutoka cha Biblia, na wengine hutaja hadithi za Ugiriki. Si Kutoka peke yake. Uti wa mgongo wa ile ya 1978 ni wa Kimormoni, kwani Glen A. Larson aliyeibuni alikuwa muumini wa kanisa hilo. Kobol, sayari walikotokea wanadamu wote, inatokana na Kolob, nyota iliyo karibu na Mungu katika maandiko yao, na lile Baraza la Kumi na Wawili linaloongoza watu katika tamthilia lipo pia kanisani kwao hadi leo. Tazama pia ndoa ya wahusika Apollo na Serina: kamanda Adama anawaunganisha hadi milele, kama Wamormoni wanavyofunga ndoa hekaluni. Mimi sehemu hiyo hunigusa sana. Ila toleo jipya la tamthilia hiyo, la Ronald D. Moore, lililoanza 2003, liliipa miungu ya Kigiriki uzito zaidi, kwa hiyo wanaotaja Ugiriki nao wana hoja.