Maswali ya Wazazi: Timu ya Kusafiri, Kocha na Ndoto ya Chuo

SWALI: Shikamoo dada. Tuko Columbus, Ohio, mwanangu ana miaka 11 na anacheza besiboli kwenye ligi ya mtaa, anaipenda mno na anarusha mpira kwa nguvu kuliko wenzake wote. Sasa kuna kocha wa timu ya kusafiri kamuona, anasema nafasi ipo ila ni dola 2,800 kwa msimu, hapo hoteli na mafuta juu yetu, na tumjibu ndani ya wiki. Anasema vyuo vinaangalia mapema, mtoto akichelewa kapitwa, na kwamba kuna vijana wawili wametoka kwake wako Divisheni I, ngazi ya juu kabisa ya michezo ya vyuo. Baba yake anataka tukope. Mimi nasita manake kwetu hakuna aliyewahi kucheza huu mchezo, hatujui hata tuulize nini. Tufanyeje? – *Mama, Columbus*

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Msikope. Nimeanza na hilo ili usome mengine moyo ukiwa umetulia.

Hii habari ya vyuo kumuangalia mtoto wa miaka 11 haipo. NCAA, ambao ndo wanaosimamia michezo kwenye vyuo vingi vya Marekani, wana sheria kwamba kocha wa besiboli wa Divisheni I haruhusiwi kuzungumza na kijana mambo ya kumsajili mpaka tarehe 1 Agosti kabla kijana hajaingia darasa la 11. Mwanao ana kama miaka mitano mpaka afike hapo, na katika hiyo miaka mitano mwili wake utabadilika na uwanja wenyewe pia utabadilika. Hili la uwanja wazazi wengi wageni wa mchezo hatuambiwi. Kwenye ligi za umri wake pitcha, yule mrushaji mpira, anarusha kutoka futi 46 au 50, na kutoka besi moja, kile kituo cha kukimbilia, hadi nyingine ni futi 60 au 70, ila akifika miaka 13, 14 taratibu anahamia uwanja wa watu wazima, futi 60 na inchi 6 za kurusha na futi 90 kati ya besi. Hapo ndo unaona yule mtoto aliyekuwa anatisha akiwa na miaka 11 kwa sababu alirefuka mapema, mpira wake haufiki tena na kasi ile, na yule mwembamba aliyekuwa anakaa benchi kapanda juu kwa mwaka mmoja na sasa yeye ndo pitcha namba moja. Kwahiyo anayekwambia leo anajua mwanao ataishia wapi anakuuzia kitu.

Na hao vijana wawili wa Divisheni I, muulize walikuwa kwake wakiwa na umri gani, kwa muda gani, na katika watoto wangapi waliopita hapo. Ukichukua wavulana wote wanaocheza besiboli sekondari Marekani, kwenye 100 kama 7 ndo wanafika kucheza chuo chochote cha NCAA, na Divisheni I ni kama 2 tu. Sikuambii hivi kumvunja moyo mtoto, aendelee kuota na wewe umsaidie kuota, ila hela ya nyumba isiwekwe rehani kwa ndoto ya miaka 11.

Sasa unalipia nini hasa? Dola 2,800 ni mlango tu. Kuna sare, begi, gongo jipya manake la mwaka jana limekuwa fupi, kuna kiingilio cha mzazi getini kila siku ya mashindano, na mashindano mengine yana masharti kwamba timu za mbali lazima zilale kwenye hoteli walizopanga wao, huwezi kutafuta ya bei nafuu mwenyewe wala kulala kwa shemeji. Mwambie akuandikie hesabu nzima ya msimu uliopita, ilikuwa safari ngapi na usiku ngapi wa hoteli, na familia ikijitoa katikati hela inarudi au hairudi. Kocha aliyenyooka anakuandikia hata siku hiyohiyo.

Lakini hela siyo kitu kinachoniumiza zaidi kwenye barua yako. Umesema anarusha kwa nguvu kuliko wote. Huyo mtoto ndo kila kocha anayetaka kikombe atamtumia kupita kiasi, na mkono wa mtoto haurudi dukani. Kwahiyo hapa naomba unisome polepole.

Mwaka 2014 ligi kuu ya besiboli ya Marekani, MLB, na shirika la USA Baseball walitoa mwongozo unaoitwa Pitch Smart. Kwa mtoto wa miaka 11 na 12 mwisho ni kurusha mipira 85 kwa siku, na akifikisha 66 au zaidi apumzike siku 4 kabla ya kurusha tena kwenye mechi. Asicheze pitcha na katcha, yule anayedaka mipira ya pitcha, kwenye mechi moja, manake katcha naye anarusha mpira mechi nzima. Na kila mwaka apate angalau miezi 4 bila kurusha kabisa, miwili mitatu kati ya hiyo iwe mfululizo. Sasa weka huo mwongozo pembeni ya mashindano ya wikiendi, Jumamosi mechi mbili, Jumapili mechi za mtoano, ukishinda unaendelea mpaka jioni, na mashindano mengine hayahesabu hata mipira, yanahesabu ining tu, yaani zamu za timu kupiga gongo, wakati ining moja inaweza kuwa mipira 9 au mipira 35. Mtoto anarusha Jumamosi asubuhi, Jumapili fainali kocha anamwambia nipe ining moja tu mwanangu, na mtoto atasema sawa kwa sababu anataka kumfurahisha kocha. Akiwa bado anacheza ligi ya mtaa katikati ya wiki ndo mbaya zaidi, kila kocha anahesabu ya kwake na hakuna anayejumlisha. Huyo wa kujumlisha ni wewe mama. Huhitaji kujua mchezo, unahitaji kalamu na daftari.

Yule daktari Frank Jobe alipomfanyia Tommy John, pitcha wa Los Angeles Dodgers, operesheni ya kwanza ya kano ya kiwiko mwaka 1974, ilikuwa ya kumuokoa mtu mzima aliyekuwa anakula kwa mkono ule. Utafiti uliotolewa 2015 ulipoangalia operesheni hizo Marekani kati ya 2007 na 2011 ulikuta zaidi ya nusu, asilimia 56.7, walikuwa vijana wa miaka 15 hadi 19. Watoto wa sekondari! Na utafiti mwingine uliofuatilia mapitcha watoto kwa miaka 10 ulikuta waliorusha zaidi ya ining 100 kwa mwaka walikuwa na hatari ya kuumia vibaya mara 3.5 kuliko wenzao.

Kwahiyo kabla ya kujibu nenda kaiangalie hiyo timu ikicheza, usikae upande wa jukwaa lenye kelele, kaa karibu na benchi lao. Angalia kama kuna mtu ameshika kile kidude cha kubonyeza kuhesabu mipira au anaandika kwenye simu, na namba ikifika kocha anamtoa mtoto kweli au anageuka upande mwingine. Muangalie pitcha akitoka, kama anaukung'uta mkono au anashika kiwiko kwa ndani, kocha anamfuata kumuuliza au anamtuma akakae kwenye besi ya tatu aendelee kurusha kutoka huko. Angalia mtoto aliyekosea anaambiwa nini mbele ya wenzake. Na wale wa mwisho kwenye listi wanaingia uwanjani lini, manake kama mwanao ndo atakuwa wa 12 kwenye timu kubwa, anapiga gongo mara moja kwa siku, bora abaki ligi ya mtaa anakocheza kila ining. Kwa umri wake anahitaji kucheza tu, mara nyingi, nafasi tofauti tofauti, na kupenda kurudi kesho.

Alafu tafuta familia iliyoondoka kwenye hiyo timu mwaka jana. Wanaobaki watakusifia, wana sababu zao, ila aliyeondoka atakwambia kama mtoto wa kocha ndo anacheza kati kila siku, kama watoto wanabadilishwa katikati ya msimu kwa ajili ya mgeni aliyeletwa kushinda mashindano. Uliza pia kama makocha wote wamepita ukaguzi wa rekodi za jinai na mafunzo ya SafeSport ya kuwalinda watoto, na ukiona mtu anakasirika kwa swali hilo chukua mtoto wako uondoke.

Wiki moja ya kuamua? Mwambie unahitaji zaidi. Kama nafasi inapotea kwa sababu mzazi ameomba kuona mechi mbili, iache ipotee. Na mwambie baba yake kuna timu zinazocheza ndani ya mwendo wa saa moja tu kutoka nyumbani, bila hoteli, kwa hela ndogo zaidi ya hiyo. Ulizeni hapo kwenye ligi yenu.

SWALI: Dada, kijana wangu yuko darasa la 10, ni shotistopu, yule anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu, anapata imeili kutoka vyuo vikubwa zinasema tumependezwa nawe njoo kwenye kambi yetu, dola 300, 400 kila moja. Pia kuna mtu anasema tumlipe atamtafutia ufadhili, na akiupata tumpe asilimia. Nimechanganyikiwa ipi ni ya kweli. – *Baba, Dallas*

JIBU: Kaka, huyo wa asilimia mwambie hapana leo hii. Sheria za NCAA hazikubali mtu alipwe kulingana na ufadhili aliompatia mchezaji, anaweza kumharibia kijana haki yake ya kucheza kabisa.

Hizo imeili za kambi, kwa sheria kambi ya chuo inatakiwa iwe wazi kwa yeyote anayetaka kuja, kwahiyo wanatuma kwa maelfu na jina la mwanao limewekwa na kompyuta. Haina maana ni uongo, kambi inaweza kuwa nzuri, ila ni mwaliko wa kulipia. Ukweli utaujua baada ya hiyo Agosti 1 anapokaribia darasa la 11, kocha msaidizi anapiga simu mwenyewe, anataja mechi aliyomuona, anauliza masomo, anampigia kocha wa sekondari yake. Kama anataka kambi, achague moja au mbili za vyuo ambavyo anavipenda, vinavyolingana na uwezo wake, na ambavyo yeye mwenyewe alishawaandikia.

Na hiyo kazi ya kuandika ndo kazi yenyewe, haihitaji wakala. Imeili fupi anayoiandika kijana mwenyewe siyo baba, video ya dakika mbili akidaka mipira ya chini na kurusha hadi besi ya kwanza, akipiga gongo, mbio za yadi 60 kwa muda halisi siyo wa kupamba, alama za darasani, ratiba ya mechi, na simu ya kocha wake. Alafu mpeleke akaangalie mechi za chuo cha Divisheni III na cha miaka miwili hapo karibu nanyi, mkae nyuma ya wavu, amuangalie shotistopu wa pale na ajipime kwa macho yake. Watu wengi wanashtuka kuona kiwango cha Divisheni III kilivyo juu.

Kuhusu hela nataka uelewe vizuri manake hapa ndo familia zinapotea. Kwa miaka mingi timu nzima ya Divisheni I ilikuwa na ufadhili kamili 11.7 tu wa kugawana, hadi wachezaji 27, kwahiyo wengi walipewa robo, siyo ada yote kama watu wanavyodhani. Tangu msimu wa 2025-26, baada ya makubaliano ya mahakamani ya 2025, vyuo vilivyojiunga na mpango mpya havina tena kikomo hicho, ila timu haizidi wachezaji 34, na kuruhusiwa kutoa siyo sawa na kuwa na hela ya kutoa. Ongeza kwamba sasa wachezaji wanahama chuo hadi chuo kirahisi, na makocha wengi wanapenda kumchukua kijana wa miaka 21 aliyekomaa kuliko kumsubiri wa 18. Nafasi za anayetoka sekondari zimebana. Ndo maana usidharau vyuo vya miaka miwili vilivyo chini ya shirika lao la NJCAA, Divisheni I yao inaruhusiwa hadi ufadhili 24 kwa timu, kijana anacheza, anakua, anahamia kwingine. Na Divisheni III hawatoi senti kwa ajili ya michezo lakini wanatoa kwa alama na kwa hali ya familia, na mara nyingi hiyo ni kubwa kuliko robo ya besiboli.

Kwahiyo hela ya kambi nne za imeili ningeiweka kwenye mwalimu wa hesabu. NCAA wenyewe wanataka masomo 16 ya msingi sekondari na wastani wa 2.3 kwa Divisheni I, 2.2 kwa Divisheni II, na asipofikia hilo kocha hata akimpenda vipi hawezi kumchezesha. Nenda kwa mshauri wa shule wiki hii muhakikishe masomo anayochukua yanahesabika, mengine hayahesabiki na watu wanagundua darasa la 12. Na ahadi ya mdomo ya kocha, hata ikiwa ya kweli siku anaitoa, haimfungi mtu mpaka karatasi za ufadhili zisainiwe, makocha nao wanahama.

SWALI: Kocha anataka binti yetu wa miaka 12 aache mpira wa miguu acheze softiboli, mchezo unaofanana na besiboli, mwaka mzima. Tukubali? – *Wazazi, Minneapolis*

JIBU: Yeye mwenyewe anataka kuacha? Kama hataki, msikubali. Kwa umri huo kubadilisha michezo kunampumzisha bega na kiwiko na kumpa miguu yenye nguvu, na kocha anayejua kazi yake anafurahi akirudi machipuko akiwa na hamu. Mwambieni kocha atakuwepo msimu ukianza, na muangalie atajibu vipi.