Mkataba wa Riyadh umeisha na mwajiri hataki kumwachilia. Atoroke?

SWALI: Wakili, mdogo wangu ni mfanyakazi wa nyumbani Riyadh. Mkataba wake wa miaka 2 umeisha, lakini mwajiri anasema haendi popote mpaka apatikane mwingine. Pasipoti imefungiwa kabatini, na mshahara wa miezi 3, riyali 900 kwa mwezi, hajauona. Wenzake wanamwambia atoroke atafute vibarua vya siku. Mtoto wake ninaye mimi huku Kakamega. Nimshauri nini?

JIBU: Dada yangu, mwambie asitoke humo kabla hajaandikisha malalamiko. Lakini kama anapigwa, ananyimwa chakula au ananyanyaswa kingono, asingoje: atoke mara moja aende polisi (911 kwa Riyadh) au ubalozi wa Kenya. Mambo ya mshahara yatafuata.

Ninasisitiza hivyo kwa sababu ya kile wanachokiita huko hurub. Mwajiri akiripoti kwamba mfanyakazi ametoroka, iqama, yaani kibali chake cha ukaazi, huwekewa alama kwenye mfumo, na kuanzia hapo mtuhumiwa ni mdogo wako. Akikamatwa anaweza kuzuiliwa na kurudishwa nyumbani mikono mitupu. Lalamiko lake likitangulia, atakuwa na namba ya shauri yenye tarehe ya kabla ya ripoti hiyo, na mwajiri ndiye atakayeulizwa maswali.

Haki anayo. Kanuni za Saudia za wafanyakazi wa nyumbani zinamkataza mwajiri kushikilia pasipoti, na zinataka mshahara ulipwe kila mwezi. Kinachombana ni kwamba visa ya kuondoka moja kwa moja hutolewa na mwajiri mwenyewe kupitia Absher, huduma ya mtandaoni ya serikali ya Saudia. Wengi wamesikia kwamba kafala, mfumo unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake, ililegezwa Machi 2021. Ni kweli, ila mageuzi yale yaliwaacha nje wafanyakazi wa nyumbani, jambo ambalo maajenti wetu hawapendi kulitaja. Kwa hiyo kugombana na madam jikoni hakutamsaidia. Apige 19911, simu ya Wizara ya Rasilimali Watu. Shauri huanza kwa usuluhishi.

Kabla ya kupiga, akusanye ushahidi na akutumie wewe, maana simu yake inaweza kunyang'anywa wakati wowote. Anahitaji picha ya iqama, picha ya kila ukurasa wa mkataba wa Musaned (mfumo wa serikali ya Saudia wa mikataba ya wafanyakazi wa nyumbani), na mahali nyumba ilipo kwenye ramani ya WhatsApp. Kama mshahara ulikuwa ukipitia benki au pochi ya simu, taarifa ya akaunti itaonyesha wazi miezi iliyoruka. Kama alikuwa akipewa mkononi, aandike kwenye daftari tarehe na kiasi cha kila alichopokea, pamoja na shilingi alizokutumia wewe. Jumbe zako za M-Pesa au za kampuni ya kutuma pesa usizifute: pesa zilipokatika huonyesha mshahara ulipokatika.

Kuna karatasi moja ya kuiogopa. Usiku wa kuamkia safari, mwajiri huleta maandishi ya Kiarabu na wino wa kidole. Mara nyingi maandishi hayo husema kwamba mfanyakazi amelipwa haki zake zote. Akiweka kidole hapo, kuzidai zile riyali 2,700 kunakuwa kugumu sana. Siwalaumu wanaoweka, tiketi iko mezani na mtoto anangoja nyumbani. Angalau aipige picha kwanza aitume ubalozini isomwe.

Huku nyumbani, nenda kwa afisa wa kazi wa kaunti na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ukiwa na nakala hizo. Uliza kama ajenti amesajiliwa na kama mkataba ulithibitishwa na afisa. Chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, mkataba wa kazi ya nje hutakiwa uthibitishwe, mwajiri aliye nje huweka dhamana, na kumshawishi mtu aende bila mkataba rasmi ni kosa la jinai. Ajenti anayejua kwamba unavijua vifungu vya 83 hadi 86 hupokea simu haraka.

Tiketi ya kurudi ni ya mwajiri. Ajenti akidai familia itume hela za "kumkomboa," usitume. Mwombe aandike kiasi na sababu kwenye barua yenye muhuri wa ofisi, kisha uipeleke kwa afisa yuleyule.