Basi Halitakufuata Porini: Majibu ya Maswali Yenu

Barua za safari hii ni nyingi, na karibu nusu yake zinauliza kitu kilekile kwa mwandiko tofauti. Naanza na hicho ili nipumue.

SWALI: Foleni ya asubuhi imetushinda. Kwa nini wasipanue tu barabara iwe ya njia nane? – Dereva Mchovu

JIBU: Ndugu yangu, njia nane ni chache. Houston, Marekani, waliipanua barabara yao ya Katy mpaka mahali pengine ikafika njia 26, ukihesabu na zile za pembeni. Kazi ilikamilika 2008. Miaka michache baadaye muda wa safari za asubuhi na jioni ulikuwa unapanda tena.

Hakuna uchawi hapo. Barabara ikipanuliwa, aliyekuwa akitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuikimbia foleni anarudi kulala, anatoka saa moja kama wenzake. Aliyekuwa akipanda basi anakopa gari. Na mwenye shamba kilomita 30 nje ya mji anaita mpima, anakata viwanja, anaweka bango: "Dakika ishirini tu hadi mjini." Wanunuzi wa viwanja hivyo ndio watakaokaa mbele yako kwenye foleni miaka mitano ijayo. Kwa hiyo ukitaka kujua foleni ya kesho itaanzia wapi, usiende kwa mhandisi wa barabara. Nenda ofisi ya ardhi ukaangalie michoro ya viwanja iliyopitishwa wiki hii.

SWALI: Magari ya umeme yakienea, si tatizo litakuwa limekwisha?

JIBU: Moshi utapungua, na hilo ni jambo jema. Foleni itabaki palepale, ila itakuwa kimya.

SWALI: Mji wetu unajengewa njia ya mabasi ya mwendokasi. Je, nyumba na maduka vitajipanga vyenyewe kando ya njia? – Diwani

JIBU: Mheshimiwa, nafurahi umeuliza kabla ya zege kumwagwa. Vitajipanga, ndiyo, lakini kwa matakwa ya atakayewahi kununua. Njia ikishachorwa bei ya ardhi hupanda hata kabla basi la kwanza halijapita, na wapangaji wa vyumba vya bei nafuu huwa wa kwanza kuondoka. Unakuta mpishi na mlinzi, ambao hawana usafiri mwingine, wamesukumwa mbali na njia, na jirani na kituo wamehamia watu wenye magari mawili.

Curitiba ya Brazili ndiyo inayotajwa kila mara kwa mabasi yake, lakini wengi wanaotumwa kwenda kujifunza wanarudi na picha za vituo tu. Mpango mkuu wa mji ule ulipitishwa 1966. Njia ya kwanza ya mabasi ikafunguliwa 1974. Kwanza waliamua maghorofa yasimame wapi: kwenye mihimili michache inayotoka katikati ya mji, na urefu wa majengo ushuke kadiri unavyojitenga na mhimili. Basi likaja kuwahudumia watu ambao tayari walikuwa wamepangiwa mahali. Copenhagen walifanya hivyohivyo kwa reli. Mpango wao wa 1947 umechorwa kama mkono: kiganja ni mji wa zamani, vidole vitano vinafuata reli, na katikati ya vidole yakaachwa mashamba na misitu. Mpaka leo kanuni yao inataka ofisi kubwa zijengwe ndani ya mita 600 kutoka kituo.

Basi fanya hivi. Tenga sasa ardhi ya nyumba za bei nafuu kando ya vituo, wakati bado inanunulika. Ruhusu ghorofa karibu na njia, na ukatae kupima viwanja vipya mahali ambapo basi halitafika. Hilo la mwisho ndilo litakalokugombanisha na watu, na ndilo lenye faida kuliko yote. Kuhusu fedha, ulizia jinsi Hong Kong inavyofanya: shirika la reli hupewa haki ya kuendeleza ardhi juu na kando ya vituo vyake, na faida ya majengo inasaidia kujenga reli. Ardhi ikipanda thamani kwa fedha za umma, sioni kwa nini faida yote imwendee aliyebahatika kuwa na hati.

SWALI: Kituo kikiwa umbali gani ndiyo tunasema kiko karibu?

JIBU: Vitabuni ni mita 400 kwa basi na 800 kwa treni, yaani dakika tano na dakika kumi za mtu mzima asiye na mzigo. Lakini ramani ni muongo mzuri. Juzi nilishuka kituoni nikitaka kwenda kwenye jengo ninaloliona pale pale. Kwa rula ni mita 280. Kwa miguu nilitembea karibu mita 900, kwa sababu jengo limezungushiwa ukuta na geti la waenda kwa miguu limefungwa kufuli. Mlinzi akanielekeza nipite geti la magari, upande wa pili. Njiani kuna mtaro usio na mfuniko, hakuna hata mti mmoja wa kivuli, na kwenye taa kijani cha watembea kwa miguu kiliwaka sekunde tisa. Nilikuwa nyuma ya mama aliyeshika mtoto mkono mmoja na ndoo mkono wa pili. Nyekundu ilimkuta katikati ya barabara.

Jengo lile kwenye makabrasha linahesabiwa kuwa "limehudumiwa na usafiri wa umma". Ufunguo wa kufuli lile una thamani kuliko nusu kilomita ya reli.

SWALI: Ni kweli "mji wa dakika 15" ni njama ya kutufungia mitaani?

JIBU: Hapana. Ni wazo lililotangazwa na Carlos Moreno, profesa wa Paris: duka, shule na zahanati viwe jirani ya unapoishi. Anayekufungia ni aliyekuuzia nyumba mahali ambapo huwezi kununua kiberiti bila kuwasha gari.

SWALI: Najenga ofisi na kanuni zinanidai maegesho mengi mno. Nipitie wapi kukwepa?

JIBU: Kukwepa sifundishi. Kulalamika nakuunga mkono. Gari moja, ukiweka na njia ya kugeuzia, linakula mita za mraba 25 hadi 30. Mwenye gari hilo akiwa kazini anakalia kama kumi. Tumelijengea gari chumba kikubwa kuliko cha mwenyewe, na gharama yake imeingia kwenye kodi ya kila mpangaji, hata aliyekuja kwa miguu. Donald Shoup, profesa wa mipango miji wa Marekani, alitumia maisha yake ya usomi kulisema hili. Mexico City walifuta kiwango cha chini cha maegesho mwaka 2017. Wapelekee halmashauri mfano huo, na wewe ukodishe maegesho peke yake, ofisi peke yake.

SWALI: Wenye maduka wanasema njia ya baiskeli itaua biashara.

JIBU: Simama mlangoni uwaulize wateja wamekujaje. Halafu ulizia gari lililoegeshwa mbele ya duka tangu asubuhi ni la nani. Mara nyingi ni la mwenye duka.

SWALI: Kutoza magari yanayoingia katikati ya mji si kumwonea maskini?

JIBU: Maskini yupi mwenye gari? Yuko kwenye basi, basi liko nyuma ya gari lako. Singapore walianza 1975, London 2003. Stockholm walianza kwa majaribio mwanzoni mwa 2006, magari yakapungua kama moja ya tano, na watu waliokuwa wakipinga wakaanza kubadilika. Ila zingatia: mabasi ya ziada waliyatoa miezi kadhaa kabla ya tozo. Mkianza na tozo, mabasi yafuate "bajeti ikiruhusu", msiniite kuwatetea.

SWALI: Basi angalau barabara ya juu? – Dereva Mchovu tena

JIBU: Wewe! Seoul walikuwa nayo, imejengwa juu ya mto uliofunikwa. Pamoja na ile ya chini yake ilipitisha magari zaidi ya 150,000 kwa siku. Walianza kuibomoa 2003, wakayapanga upya mabasi yao 2004, na 2005 mto ukafunguliwa, watu wanakaa kando yake wametumbukiza miguu. Nguzo tatu za ile barabara zimeachwa zimesimama majini kama kumbukumbu.