Hematopoiesi kwenye ripoti ya uboho ina maana gani?

SWALI: Ripoti ya uchunguzi wa uboho wa kaka yangu imeandikwa "hematopoiesi isiyo na tija". Daktari ameagiza vipimo zaidi. Je, huo ni ugonjwa? Na tumpe vidonge vya kuongeza damu wakati tunasubiri?

JIBU: Hematopoiesi si ugonjwa. Ni kazi ya kutengeneza damu, na kwa mtu mzima hufanyika ndani ya uboho mwekundu wa nyonga, kidari, mbavu, uti wa mgongo na fuvu. Humo seli shina hugawanyika na kukomaa kuwa chembe nyekundu, chembe nyeupe na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Kwa kuwa chembe nyekundu huishi siku 120 hivi tu, uboho hulazimika kutoa mpya zipatazo milioni 2 kila sekunde.

Kinachopaswa kuangaliwa ni maneno yanayofuata. Ikiandikwa "imepungua", seli za uboho ni chache, kama inavyotokea baada ya dawa za saratani. "Nje ya uboho" maana yake ini au bandama inatengeneza damu: jambo la kawaida kwa mtoto aliye tumboni, lakini kwa mtu mzima ni dalili kwamba uboho umelemewa au una makovu.

"Isiyo na tija" huwachanganya wengi, kwa sababu uboho huonekana umejaa seli ilhali mgonjwa amepungukiwa damu. Seli huanza kutengenezwa, kisha nyingi hufa kabla hazijakomaa na kuingia kwenye mzunguko. Mara nyingi chanzo ni upungufu wa vitamini B12 au asidi ya foliki. Bila hivyo seli haimalizi kutengeneza DNA yake, hivyo hunenepa bila kugawanyika ipasavyo. Thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi, na baadhi ya magonjwa ya uboho wenyewe huleta hali hiyohiyo.

Kwa hiyo tafadhali msimpe vidonge kwa kubahatisha. Asidi ya foliki peke yake inaweza kupandisha damu ya mtu aliyekosa B12, huku neva zikiendelea kuharibika: ganzi miguuni, kuyumba anapotembea. Mwenye thalasemia naye hufyonza madini ya chuma kupita kiasi, na ziada hujikusanya kwenye ini na moyo.

Mwulizeni daktari kama vipimo vya B12, foliki, feritini (inayoonyesha akiba ya chuma mwilini) na retikulosaiti, yaani chembe nyekundu changa, vimo kwenye orodha. Damu ya vipimo itolewe kabla ya kidonge cha kwanza, la sivyo majibu yatapotosha. Tiba ya vitamini ikiwa sahihi, retikulosaiti hupanda ndani ya wiki moja hivi. Hemoglobini hufuata polepole. Lakini akiishiwa pumzi hali amekaa, akizimia au akiumwa kifua, msisubiri majibu: mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.