Dada Amekukimbia Tena? Kabla Hujampigia Dalali, Soma Hapa

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa msomaji mmoja, mama wa mtoto wa miaka miwili. Nauweka hapa kama ulivyo, jina nimeliacha: "Shikamoo Madam. Dada wa kazi ameondoka jana nikiwa ofisini, mtoto kamwacha kwa jirani. Huyu ni wa tatu ndani ya mwaka. Anakula tunachokula, nguo na sabuni nampa, mpaka vocha namnunulia. Hawa mabinti wana nini lakini? Nisaidie kupata mwaminifu, hata wa Singida."

Nilimjibu kwamba mimi sitafutii watu madada. Akanuna, nadhani. Sasa jibu refu naliandika hapa, kwa sababu mimi ndiye huyo wa Singida. Wengi mnaonifuata mnanijua kama Madam wa kituo cha watoto, mnaniuliza habari za uji wa lishe na mtoto asiyetaka kulala. Kabla ya umadam nilikuwa beki tatu, yaani dada wa kazi, na mtoto wa kwanza niliyemfundisha kuhesabu nilimfundishia kwenye sakafu ya jiko la watu.

Nilishuka Ubungo, Dar es Salaam, enzi zile stendi ikiwa bado pale, na mfuko wa shangazi kaja na namba ya simu kwenye karatasi. Nilikuwa nimemaliza la saba, nimefaulu, ila nyumbani hapakuwa na wa kunisomesha. Bosi wangu, nimwite Mama Junior, alikuja kunipokea kwa gari. Njiani aliniambia kitu ambacho nilikiona cha upendo: "Hapa wewe ni kama mwanangu." Mabinti wanaosoma hapa, mkiambiwa hivyo siku ya kwanza, ulizeni mshahara ni shilingi ngapi na unalipwa tarehe ngapi. Mwana halipwi.

Nilikuwa naamka saa kumi alfajiri. Uji, maji ya kuoga ya baba, pasi, chai, kudeki, halafu Junior anaamka na kuanzia hapo tuko naye mpaka usiku. Alinijia hajaanza kutembea vizuri. Mimi ndiye niliyejua kwamba halali bila kushika sikio la mtu. Maziwa ya moto kidogo tu alikuwa anayatema, na akianza kukohoa usiku, asubuhi lazima joto lipande. Vizibo vya soda nilikuwa naviokota kwenye duka la Mangi, naviosha, naviweka kwenye kopo la Blue Band. Nikikaa kuchambua mchele yeye anavipanga: hivi vitano, ondoa viwili, vimebaki vingapi? Alipopelekwa chekechea alikuwa anahesabu mpaka ishirini na kurudi nyuma. Mwalimu wake akamsifia mama yake getini, akauliza nyumbani anafundishwa na nani. "Najitahidi hivyo hivyo, na hizi kazi zetu," akasema Mama Junior. Mimi nimesimama pembeni na begi la mtoto mkononi.

Hilo nililimeza. Lililonikaa kooni ni la degedege.

Junior aliamka na joto. Nikampigia mama yake, akasema mpe panado, nitarudi jioni. Ilipofika saa nane mchana mtoto akakakamaa mikononi mwangu, macho yamegeuka juu, taya zimebana, miguu inatikisika. Kwetu kijijini mtoto akifikia hapo, wapo wanaosema asipelekwe hospitali, akichomwa sindano atakufa, atafutwe mganga kwanza. Ila kliniki nilishawahi kumsikia nesi akiwaelekeza kina mama: mlaze ubavu, usimtie chochote mdomoni, mpunguze nguo, mkimbize. Nikafanya vile vile. Ilipotulia nikatoka naye pekupeku mpaka barabarani, dereva wa bodaboda akatubeba bure. Wakampima, ni malaria. Daktari akasema tungechelewa, habari ingekuwa nyingine.

Mama Junior alifika jioni. Akamkumbatia mwanawe, akalia, akamshukuru Mungu, akamshukuru daktari, akampa nesi hela ya soda. Kisha akanigeukia mimi. "Mlango ulifunga?"

Sikuwa nimefunga. Usiku ule nilisemwa juu ya ule mlango mpaka nikaenda kulala.

Tuendelee. Mshahara wangu ulikuwa 30,000 kwa mwezi, na alikuwa "ananitunzia" ili nisiuchezee. Nilipoaga kuondoka aliketi na daftari. Chupa ya chai niliyoivunja ikakatwa. Shati la baba lililoungua na pasi likakatwa, na dawa za siku nilizougua mimi mwenyewe pia zikakatwa. Kilichobaki nakionea aibu kukitaja hadi leo, ingawa aibu si yangu. Nikapewa nauli, kitenge, na "Mungu akubariki".

Ya katikati siyasimulii, ni marefu na hayana utamu. Nilianza kama mlezi msaidizi kwenye kituo cha kulelea watoto mchana, nikajisomesha cheti cha ualimu wa awali kidogo kidogo, na leo kituo ni changu, kimesajiliwa, maofisa wa Ustawi wa Jamii wanakuja kukagua na wanakuta kila kitu mahali pake. Mwaka huu matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, Mama Junior aliweka picha ya kijana kwenye status: divisheni wani, shukrani kwa Mungu na "walimu wote waliomfikisha hapa". Sikutarajia kutajwa. Naongopa, nilitarajia. Nilivuta ile picha kwa vidole niangalie kama lile kovu la kidevuni bado lipo. Lipo.

Sasa nikurudie wewe, mama uliyeniandikia. Umeorodhesha chakula, nguo, sabuni na vocha. Mshahara hukuutaja. Labda ni bahati mbaya tu, lakini mimi nimeisoma meseji yako mara kadhaa na kila mara nasimama hapo hapo. Chakula si mshahara. Nguo ulizochoka kuzivaa si mshahara. Serikali imeshaweka kima cha chini hata kwa mfanyakazi wa nyumbani. Amri ya mwaka 2013 iliweka 40,000 kwa anayelala kwa mwajiri wake, ile ya 2022 ikapandisha hadi 60,000, na kwa anayekuja na kurudi kwake ikawa 120,000. Hicho ndicho kilikuwa kiwango cha chini kabisa kwa mwezi, na kinabadilishwa kila baada ya muda, kwa hiyo usininukuu mimi, nenda ofisi ya kazi ukaulize kimefika wapi. Nimeona watu wanalipa kima cha chini halafu wanajiona wafadhili. Mtu huyo huyo mwisho wa wiki anaacha pesa kama hiyo kwenye meza ya kitimoto, na hakuna anayemwambia ni mwingi wa huruma.

Mlipe tarehe ileile mliyokubaliana, mkononi mwake au kwenye simu yake yeye, si ya mjomba aliyemleta. Usimtunzie. Akiamua kununua nywele za bandia ni pesa yake, wewe za kwako umenunua na hakuna aliyekuhoji. Kama mshahara wako ukichelewa siku tano nyumba nzima tunajua, basi na wa kwake ukichelewa ujue anahesabu.

Na apumzike. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi saa 24 za mapumziko kila wiki na siku 28 za likizo kwa mwaka. Nikisema hivi kwenye vikao vya wazazi watu wanacheka, utasikia "Madam, sasa siku hiyo mtoto nani atakaa naye?" Wewe. Utakaa naye wewe mama, na baba yake pia. Utajua kwa nini binti wa watu ikifika saa mbili usiku anajibu kwa mkato.

Lingine ni mdomo. Usimgombeze mbele ya mtoto. Hapa nasema kama mwalimu, maana wanaletwa kwangu na ninawaona: mtoto wa miaka mitatu anamwambia mlezi wangu "wewe mjinga, nitakusema kwa mama", na mkono kiunoni kama mtu mzima. Hakuzaliwa nayo. Mtoto ambaye ameshajua kwamba anayemlisha hana sauti, ukimwacha naye siku nzima, hasikii la mtu. Halafu jioni unauliza kwa nini hakula. Ukiwa na la kumwambia dada, msubiri mtoto alale, mwambie kwa jina lake. Lake la kuzaliwa. Kuna nyumba nilifika, binti yuko pale mwaka wa pili, baba mwenye nyumba hajui jina lake.

Na muulize. Jioni, kabla ya simu na tamthilia: leo amekulaje, amecheza nini, kuna lolote umeliona? Yule ndiye anayeshinda na mwanao. Hakuna anayekupa taarifa za mtoto wako kama yeye, na mtu anayeulizwa maoni yake anaanza kuangalia zaidi.

Najua yupo mtu ameshaanza kuandika kwenye maoni, "Madam, wapo madada wabaya, wanaiba, wanawapiga watoto." Wapo. Hata mabosi wabaya wapo, na walimu wabaya wapo, mimi mwenyewe nimeshafukuza mlezi aliyempiga mtoto kofi na sikumpa nafasi ya pili. Dada anayemuumiza mtoto aripotiwe dawati la jinsia na watoto polisi, siyo kurudishwa kijijini kimya kimya akaajiriwe na mwenzako. Lakini wa tatu ndani ya mwaka, mama? Wote watatu ndio wabaya?

Na msidhani walimu tumepona. Tofauti ni kwamba sisi tunadharauliwa kwa adabu. Tangu Sera ya Elimu ya mwaka 2014 mwaka mmoja wa elimu ya awali ni wa lazima, na Desemba 2021 serikali ilizindua programu ya taifa zima ya malezi na makuzi ya watoto wa kuanzia kuzaliwa hadi miaka minane. Karatasi zipo, nzuri kabisa. Ila mzazi bado anakuja getini ananiambia, "Kwani nyie si mnacheza nao tu?" Ndiyo, tunacheza nao. Mtoto anayefinyanga udongo leo anatengeneza vidole vitakavyoshika penseli mwakani. Anayegombania bembea anafundishwa kusubiri zamu. Baba mmoja alinitaka nimrudishie ada kwa sababu daftari la mwanawe halina kazi nyingi. Mtoto ana miaka mitatu na nusu! Nilimwalika akae nasi asubuhi moja. Alikaa, na kabla ya saa ya uji alikuwa ameshaomba ruhusa ya kwenda kupokea simu nje. Hakurudi, ila ya daftari hajaisema tena.

Walezi wangu watatu nawalipa tarehe 28, hata mwezi ambao mfuko umetoboka. Niliwahi kukopa vikoba ili wasilale bila. Kwa hiyo wale wazazi wa kituoni kwangu mnaosoma hapa, mnaoniambia "Madam nitatuma kesho" tangu mwezi uliopita huku mnanitumia picha za Serengeti, tarehe 28 ni Jumanne. Namba ya malipo mnayo, na kuanzia mwezi huu mtoto akichukuliwa baada ya saa kumi na mbili jioni kuna faini, inakwenda yote kwa mlezi aliyebaki naye.