Waridi la jangwani limegoma kutoa maua

SWALI: Shikamoo anti, mimi niko Dodoma, nilinunua adeniamu, lile ua watu wanaliita waridi la jangwani, nikaliweka barazani kwenye kivuli, namwagilia kila jioni na samadi naweka, sasa majani yamekuwa ya njano, shina limelegea kwa chini na ua sijaona hata moja. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Unalizamisha! Huo mmea kwao ni hukuhuku, nyika za Kenya na Tanzania, na lile shina nene ndo tanki lake la maji, sasa ukilimwagilia kila siku linaoza. Likilegea hivyo ling'oe leo leo, kata palipooza mpaka ufike penye afya, liache kivulini kama wiki hivi kidonda kikauke, halafu panda kwenye mchanga wa mto uliochanganya na kokoto na udongo kidogo, chungu kiwe na matundu chini.

Kisha litoe juani. Bila jua la kutwa maua utayasikia kwa jirani tu. Maji mpaka udongo ukauke kabisa, chomeka kidole uone, na samadi pumzisha kwanza maana ikizidi unapata majani matupu. Mwezi wa 6 na wa 7 baridi likipukutisha majani usihangaike, limelala.

Ila vaa glavu unapokata, utomvu wake ni sumu, wawindaji walikuwa wanaupaka kwenye mishale, kwa hiyo watoto na mbuzi wakae mbali.