Kabla hujaanzisha klabu ya sanaa, soma yaliyonikuta Upanga

Juma lililopita dada mmoja wa Arusha kaniandikia: "Kaka, tuko marafiki 12 tunaopenda sanaa, tunataka klabu yetu wenyewe kama ile yenu ya Upanga. Tuanzie wapi?" Nilicheka peke yangu. Hakujua kwamba funguo nilishazirudisha kwa mwenye nyumba tangu mwezi wa tatu.

Tulianza vizuri, sijinyimi sifa. Vyumba viwili na baraza, picha za Tingatinga ukutani, vinyago vya Kimakonde kila pembe, spika niliyoipakata mwenyewe kwenye bajaji. Hakuna kuingia ila uletwe na mwanachama. Ada 50,000 kwa mwezi. Ijumaa ya kwanza watu walikaa mpaka kwenye ngazi, na mzee mmoja akatughania utenzi hadi saa sita usiku bila kushika karatasi. Nililala alfajiri, najiona mtu kweli.

Miezi iliyofuata tuiache. Vikao, WhatsApp, vikao tena.

Mwaka wa pili, kati ya wanachama 41, waliokuwa wakilipa ni 7. Wengine Ijumaa hawakosi! Wanakuja na wageni, wanapiga picha na vinyago, wanauliza pilau imeiva. Nikidai ada, naambiwa nina roho ya duka. Uweka hazina nilimpa rafiki yangu (msifanye hivyo, mpeni anayejua kuhesabu), naye akanijibu, "Si wewe ndiye mwenye wazo?" Kodi ya miezi minne nikailipa mimi. Inaniuma hadi leo, na najua anasoma hapa.

Baada ya kufunga nilivuka kwenda Unguja, nikaketi pembeni kwenye mazoezi ya Ikhwani Safaa, klabu ya taarabu iliyoanzishwa mwaka 1905. Pale hakuna anayejitangaza kuwa anapenda muziki. Huyu ana fidla, yule ana ganuni, wengine wanaitikia. Mpiga fidla mmoja asipotokea, pengo lake linasikika. Kwetu mtu asipotokea, tulikuwa tunafurahi kimepatikana kiti.

Kwa hiyo, dada yangu, kila mwanachama apewe kazi. Mmoja aghani, mwingine achore, asiyejua kitu achemshe chai. Pili, ada ilipwe mapema. Tatu, ada ilipwe mapema. Na ninyi vijana, acheni kukimbilia nembo! Mnataka kuitwa wanachama kabla hamjajua mnakutana kufanya nini, mnagombea cheo cha katibu kwenye kitu ambacho hakijazaliwa. Nasema kwa sababu mimi nilichapisha kadi 200 za uanachama, karatasi ngumu, maandishi ya dhahabu, wakati wageni bado wanakalia ndoo.

Zimebaki 159, ziko kwenye boksi chini ya kitanda. Ukija Dar pitia uzichukue. Nyuma ni nyeupe, zinafaa kuandikia majina ya mnaowadai.